Si Kila "Chizi" Karogwa!

Washikaji wa Uyole, mapenzi leo tuyaweke kando. Tuseme dogo kakaa Kyela mwezi mzima, juzi karudi. Leo kaibukia njia panda, anavua shati, anagombana na watu ambao wewe huwaoni. Kasheshe! Mmoja anasema karogwa, mwingine kashaleta kamba.

Ngoja kwanza, kaka. Mguse: ana homa? Juzi si alikuwa mzima? Leo ni siku gani, anajua? Mara anafoka, mara anasinzia? Kichaa cha ghafla namna hiyo mara nyingi kinatoka mwilini: malaria imepanda kichwani, sukari imeshuka, au kaumia kichwa. Kyela si baridi yetu hii, mbu kule wa kumwaga. Na malaria ya kichwa haingoji kesho.

Anayemfahamu aongee naye taratibu, wengine mtawanyike. Mkifika hospitali msiseme "kachizika" tu, daktari asije akaanzia hapohapo. Semeni imeanza lini, katoka wapi, kanywa nini. Ombeni apimwe malaria na sukari. Vikiwa safi, daktari aendelee kutafuta chanzo kingine mwilini; kikikosekana, ndiyo zamu ya daktari wa akili.

Yule wa kamba? Mtumeni akalete bajaji.