Kwa redio ya mtumba, optiko bado ina kazi

Makala yenu kuhusu nyaya za sauti za TV ni nzuri, ila mwandishi amemfikiria mtu mwenye TV ya juzi. Huku Kaloleni, Nairobi, wengi tuna ampu ya mtumba yenye spika 5 na wufa, na haina tundu la HDMI hata moja. ARC, ile njia ya HDMI ya kurudisha sauti kutoka TV hadi ampu, iliyokuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, itatusaidia nini?

Kinachobaki ni optiko au koaksia. Zote hubeba mzigo uleule: stereo, au Dolby Digital na DTS ya 5.1 iliyobanwa. Hakuna iliyo tamu kuliko mwenzake, msidanganywe. Ila koaksia ni shaba, na shaba yaweza kuleta ule mvumo wa umeme kwenye spika. Nyumba zetu ni za miaka ya 1940, na nyaya za stima zimeungwaungwa mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Optiko hupitisha mwanga tu, kwa hivyo mvumo hauna pa kupitia. Ubaya wake, ukiikunja sana nyuma ya kabati, imekufa.

Na ukiwa madukani barabara ya Luthuli ukaonyeshwa optiko ya ncha za dhahabu kwa bei ya juu, cheka uende zako. Mwanga unataka dhahabu ya nini?

Mwenye eARC, yaani ARC iliyoboreshwa, anayetaka Atmos isiyopoteza ubora, huyo anunue HDMI. Sisi wengine, kabla hamjalaumu waya kwamba spika za nyuma ziko kimya, ingieni kwa setingi za sauti za TV, mtoe PCM, ambayo kwa nyaya hizi ni stereo tu, muweke Bitstream.