Kadi za mezani zilizogoma

BARAZA LA ALHAMISI
Na Rehema Mhina

Mama mmoja jirani yetu hapa Tanga ana mgahawa wa biriani na samaki wa kupaka. Juzijuzi alichoshwa na menyu za karatasi zilizolowa mchuzi, akachapisha kadi 60 za kusimamisha mezani zenye msimbo wa QR. Mteja anaelekeza kamera, bei zote hizo hapo. Wiki ya tatu mteja akaskani, akakutana na maneno ya Kiingereza: msimbo umesitishwa, mwenyewe alipie. Mama akanipigia simu. "Mwanangu, mbona kadi zimegoma? Wala sijazimwagia maji."

Kadi zilikuwa nzima. Kijana aliyemtengenezea alitumia tovuti inayotoa misimbo ya bure, ila hakumwambia kwamba bure yenyewe ni ya siku 14.

Misimbo hii iko ya namna mbili. Msimbo tuli hubeba ujumbe wenyewe ndani ya vile viraba vyeusi na vyeupe: anwani ya ukurasa, nywila ya Wi-Fi, namba ya simu. Ukishachapwa umechapwa. Huwezi kuubadilisha, lakini pia hakuna wa kukuzimia. Msimbo badilifu haubebi anwani yako hata kidogo. Hubeba anwani fupi ya kampuni iliyoutengeneza. Simu ya mteja hupitia kwao kwanza, wao ndio wanaoielekeza kwako. Kwa hiyo unaweza kuhamisha uelekeo bila kuchapa upya, na kuhesabu wameskani wangapi na saa ngapi. Ukiacha kulipa, wanafunga njia.

Wanaouza huduma hii wana swali wanalolipenda: bei zikipanda utafanyaje? Hunichekesha. Bei inabadilika kwenye ukurasa, msimbo hauna habari nayo. Msimbo tuli unaofungua ukurasa wako utaufungua ule ule hata ukipandisha biriani kila Ijumaa. Tena Denso Wave ya Japani, iliyoubuni msimbo huu mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, iliamua kutodai malipo kwa anayeutumia. Basi unachokilipia kila mwezi ni ile njia panda.

Sharti anwani iwe yako kweli, na uilipie kila mwaka. Heinz waliumbuka Ujerumani mwaka 2015: mteja aliskani chupa ya ketchup akatua kwenye tovuti ya ngono. Shindano lililotangazwa kwenye lebo lilishakwisha, anwani ikaachwa, wengine wakaiokota. Chupa bado ilikuwa mezani kwa mtu.

Sisemi msimbo badilifu hauna kazi. Ukibandika mabango ya tamasha mitaa mitano na unataka kujua mtaa upi umeleta watu, huo ndio wako, na tamasha likipita ufe tu. Pia anwani ndefu ikikazwa ndani ya msimbo tuli, viraba huwa vingi na vidogo mno, simu yenye kioo cha kamera kilichokwaruzika inahangaika. Dawa yake ni kufupisha anwani yako mwenyewe.

Kwenye malipo, hesabu inageuka. Stika ya ukutani dukani huwa tuli: ina utambulisho wa muuzaji, kiasi anaandika mnunuzi. Mtu akija usiku akabandika yake juu, asubuhi fedha zinakwenda kwake. Mwanzoni mwa 2022 polisi wa Austin, Texas, walikuta stika za QR za matapeli kwenye mashine za kulipia maegesho. Msimbo unaotokea kwenye skrini kwa kila ununuzi, kiasi kikiwa ndani yake, hauna pa kubandikiwa. Hapo sibishani na mtu.

Kwa menyu, lebo ya asali, au kibao cha dukani, kabla hujamlipa mchapaji elekeza kamera kwenye sampuli na usome anwani inayojitokeza kabla hujaigusa. Ukiona jina usilolijua, muulize ni la nani na analipwa lini.

Mama amechapisha kadi nyingine, tuli, zinazokwenda kwenye ukurasa wake. Zile 60 hakuzitupa. Nyuma ni nyeupe, na wahudumu wanaandikia oda.