Barua ya wazi kwa Baraza la Mitihani: wapimeni watoto wa Karagwe na Kyerwa kwa vitendo mapema

Kwa Katibu Mtendaji,
Baraza la Mitihani la Tanzania.

YAH: UPIMAJI WA FIZIKIA, KEMIA NA BAIOLOJIA KATIKA SHULE ZA SEKONDARI ZA KARAGWE NA KYERWA

Ndugu Katibu Mtendaji,

Nakuandikia kutoka Karagwe, nikiwa mzazi na mwalimu mstaafu wa sayansi. Barua hii ningeweza kuituma kwa posta ikasomwa ofisini na kuishia kwenye faili. Nimeamua iwe ya wazi kwa sababu jambo lenyewe linawagusa wazazi wengi wa wilaya hizi mbili, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, na kwa sababu naamini Baraza linaweza kulishughulikia bila kusubiri fedha nyingi.

Ombi langu ni kwamba mwanafunzi apimwe kwa vitendo kuanzia kidato cha pili. Asisubiri mpaka mwisho wa kidato cha nne ndipo aulizwe kama anajua kushika bureti.

Utaratibu uliopo unaufahamu kuliko mimi. Katika mtihani wa kidato cha nne, fizikia, kemia na baiolojia kila moja ina karatasi ya nadharia na karatasi ya vitendo. Upimaji wa kidato cha pili, kwa miaka mingi, umekuwa wa kuandika tu. Na sisi walimu, tusidanganyane, tunafundisha kinachopimwa. Mkuu wa shule mwenye chupa chache za kemikali na wanafunzi mia kadhaa atazitunza kwa ajili ya kidato cha nne, nami nisingemlaumu. Matokeo yake mtoto anakaa miaka miwili, mara nyingi mitatu, akijifunza kemia ubaoni. Maabara anaiona dirishani akipita kwenda kuchota maji.

Nilialikwa katika shule moja kumsaidia mwalimu kuwaandaa watahiniwa wiki chache kabla ya mtihani wa taifa. Msichana mmoja, hodari kweli darasani, alipewa pipeti kwa mara ya kwanza. Alivuta besi, ikapanda pamoja na kiputo cha hewa, akaimimina kwenye chupa hivyohivyo. Akaongeza matone mawili ya methili oranji, maji yakawa ya njano. Kisha akafungua koki ya bureti, asidi ikashuka kwa kasi, na rangi ikaruka kutoka njano hadi nyekundu kabla mkono wake haujarudi kwenye koki. Pale pa kusimama, rangi inapogeuka kuwa ya chungwa, alikuwa amepapita zamani. Aliposoma kipimo alisimama wima, akitazama mstari wa maji kutoka juu badala ya kuinama macho yalingane nao. Nilipompa daftari, aliandika mlinganyo wa kemikali bila kosa na kukokotoa ukolezi wa asidi kwa namba nilizomtungia. Akili yake haikuwa na tatizo lolote. Mikono yake ndiyo ilikuwa haijafundishwa, na katika karatasi ile ujazo ukisomwa vibaya, kila hesabu inayofuata inaharibika.

Msichana yule alihitaji kukosea namna ile akiwa kidato cha kwanza, mara nyingi, wakati kukosea hakumgharimu chochote.

Najua utaniambia maabara zilijengwa. Ni kweli, na wananchi wa huku tunajua zilivyojengwa. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, kwa muda wa miaka miwili, na baadaye muda ukaongezwa hadi katikati ya 2015. Wazazi walichangishwa fedha, walibeba mawe na mchanga, na mkulima wa kahawa akatoa sehemu ya malipo yake ya msimu. Mwaka huohuo wa 2012 ndio watahiniwa zaidi ya nusu walipata sifuri kidato cha nne, hata serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya. Hakuna mzazi aliyesahau. Kwa hiyo watu walipochangia maabara walichangia kwa moyo, wakiamini watoto wao wataingia humo.

Lakini chumba chenye meza za saruji bado hakijawa maabara. Kinahitaji maji, chanzo cha moto, vifaa, kemikali, na mtu wa kuvitunza. Kemikali nyingi hununuliwa Mwanza au Dar es Salaam. Shule iliyo Kaisho au Murongo, kule Mto Kagera unakotutenganisha na Uganda, inasubiri mzigo upite Bukoba, upite Kayanga, uendelee kwa barabara ambayo masika huijui itakufikisha lini. Walio karibu na maduka hawana shida hiyo, ila mtihani ni uleule.

Ndipo nafika kwenye jambo ninalotaka Baraza lilifikirie. Misingi mingi ya masomo haya matatu inaweza kupimwa kwa vitu ambavyo hakuna shule ya Karagwe wala Kyerwa itavikosa.

Chukua ndizi. Kata kipande cha ndizi mbichi na kipande cha ndizi iliyoiva vizuri, dondoshea kila kimoja tone la iodini ile ya kusafishia vidonda, inayouzwa duka la dawa. Ile mbichi hugeuka bluu iliyokoza karibu na nyeusi, kwa sababu imejaa wanga. Ile iliyoiva hubaki na rangi ya udongo ya iodini yenyewe, au huwa na madoa machache tu, kwa sababu wanga umevunjwa ukawa sukari. Sasa muulize mwanafunzi wa kidato cha pili mambo mawili: umeona nini, na kwa nini? Halafu mwache yeye apendekeze namna ya kuthibitisha kwamba sukari imeongezeka. Hapo umempima uchunguzi, umempima hoja, na umempima kama anaelewa kwa nini jaribio linahitaji kipande cha kulinganishia. Swali la kutaja hatua nne za kupima wanga, ambalo mtoto anaweza kulikariri bila kuona iodini maishani mwake, halikupi hata nusu ya hayo.

Au chukua rubisi. Watoto wengi wa huku wameona babu akikamua ndizi zilizoivishwa, akachanganya juisi na unga wa mtama uliokaangwa, akafunika kwa majani ya mgomba na kuacha ilale. Wanajua povu linapanda. Wanajua ikikaa mno inachachuka. Kwenye karatasi mtoto huyohuyo anaulizwa maana ya upumuaji wa seli usiotumia oksijeni, anaacha nafasi wazi. Povu lile ni kaboni dioksaidi, hamira imekula sukari na kutoa ethanoli, na baadaye bakteria huigeuza ethanoli kuwa asidi. Simwombi mtahini awafundishe watoto kutengeneza pombe. Namwomba atunge swali linaloanzia pale mtoto alipo, amwekee juisi, hamira kidogo na puto juu ya chupa, amwambie apime.

Kwa fizikia, jiwe na uzi vinatosha kuanzia. Funga jiwe kwenye uzi wa mita moja, libembeze kidogo tu, hesabu mizunguko 20 kwa saa ya simu ya mwalimu. Utapata karibu sekunde 40. Fupisha uzi ufike robo mita, mizunguko ileile 20 itachukua karibu sekunde 20. Uzi umepungua mara nne, muda umepungua mara mbili. Mwanafunzi akichora grafu ya mraba wa muda dhidi ya urefu wa uzi, anapata mvutano wa dunia kutoka kwenye jiwe aliloliokota uwanjani. Nimewahi kuona darasa zima likirudia jaribio hilo bila kuambiwa, kwa kuwa hawakuamini kwamba jiwe zito na jiwe jepesi hubembea kwa muda uleule.

Na Kyerwa wana hazina yao. Bati limechimbwa kule tangu enzi za ukoloni, na mchimbaji mdogo hulitenga na mchanga kwa kulisafisha kwenye maji, kwa kuwa madini yake yana uzito wa karibu mara saba ya maji ya ujazo uleule, wakati mchanga wa kawaida hauzidi mara tatu. Mtoto aliyelelewa karibu na machimbo anaujua uzito huo kwa kiganja. Mpe mizani, maji na silinda yenye vipimo, umwombe akuonyeshe kwa namba. Hapa Karagwe, Bweranyange palipokuwa makao ya watawala wetu palihifadhiwa vyuma vilivyofuliwa kwa umbo la ng'ombe. Nchi hii iliyeyusha chuma kwa makaa kabla hatujaletewa kitabu cha kemia, na jinsi makaa yanavyoondoa oksijeni kwenye mawe ya chuma ni mada iliyomo kwenye silabasi.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi watoto wetu wapewe ndizi na mawe huku wengine wakipewa bureti. Bureti tunazitaka, na mizani, na hadubini, na mafundi sanifu wa maabara walioajiriwa. Ninachosema ni kwamba ukosefu wake usiendelee kuwa sababu ya mtoto kumaliza miaka miwili bila kupima chochote kwa mkono wake. Wala sitaki turudi kwenye ule mtihani mbadala wa vitendo wa miaka ya nyuma, ambapo mtahiniwa alisoma vipimo kwenye mchoro na kujibu kana kwamba amefanya. Ule ulikuwa nadharia iliyovishwa koti jeupe.

Ugumu uko kwenye usimamizi, na hapa nimefikiri sana. Baraza likitaka vitendo kidato cha pili kwa utaratibu uleule wa kidato cha nne, gharama itawashinda wote. Napendekeza njia nyingine. Mwanzoni mwa mwaka, Baraza litoe hadharani majaribio, tuseme kumi kwa kila somo, yote ya vifaa rahisi. Kila shule iyafanye mwaka mzima. Siku ya upimaji Baraza litaje mojawapo, na walimu wa shule jirani ndio wasimamie na kutoa alama. Wa Nyaishozi waende Ihembe, wa Nkwenda waende Mabira. Mtu atasema majaribio yakijulikana mapema wanafunzi watayazoea. Mimi nasema wayazoee! Mtoto aliyeyafanya majaribio yote thelathini kwa mikono yake ameshajifunza sayansi, hata kama hakuna swali lililomshtua. Udanganyifu utakuwepo kiasi, kama ulivyo kwenye alama za shuleni zinazoingizwa kwenye matokeo ya mwisho hata sasa, na kubadilishana wasimamizi kutaupunguza.

Suala la lugha siwezi kulikwepa. Mtoto anasoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, kisha anafika sekondari anapimwa kwa Kiingereza. Mara nyingi alama tunayompa ni ya Kiingereza, tukaiita ya fizikia. Katika upimaji wa vitendo wa kidato cha pili, mruhusuni aeleze alichokiona kwa Kiswahili. Istilahi zipo, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990.

Kuna jingine dogo lililo mikononi mwako moja kwa moja. Kila mwaka Baraza hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, ukionyesha walikosea wapi na kwa nini. Ni kazi nzuri sana, nimeitumia miaka mingi. Ila imeandikwa kwa Kiingereza, na walimu wengi wa vijijini hawaifikii. Muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache kwa kila somo, uliochapwa na kupelekwa shuleni, ungesomwa hata na mzazi kwenye kikao cha shule, naye akajua cha kumwuliza mwalimu.

Baraza linaweza kubadilika, tumeliona. Januari 2023 lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule bora na watahiniwa bora, orodha ambayo tulidhani haitakoma kamwe. Na mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unasisitiza umahiri. Umahiri tumekuwa tukiutaja tangu mtaala wa 2005, bila kumpima mtoto wa kidato cha pili akiutenda.

Kwa hiyo naomba Karagwe na Kyerwa ziwe wilaya za majaribio kwa miaka miwili. Ni wilaya za mpakani, zina shule za kata, za serikali na za mashirika ya dini, na kikishindikana kitu hapa mtajua mapema. Walimu wapo tayari, wengine nimewafundisha mwenyewe, na sisi wastaafu tutasimamia bila posho. Nakala ya barua hii nimewapelekea maafisa elimu sekondari wa halmashauri zote mbili. Tunaomba jibu lako kabla ya usajili wa watahiniwa wa mwaka ujao, na tunaomba utume ofisa mmoja aje akae na walimu wa sayansi Kayanga na Nkwenda, awasikilize.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi na mwalimu mstaafu wa sayansi,
Karagwe, Kagera.