Barua ya Wazi kwa Kamishna Mkuu wa KRA: Asilimia 3 ya Mbuzi

Kwa Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA),
Times Tower, Nairobi.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Bulapesa, mjini Isiolo, ambako kila Juni saiba hufurika watu wanaotaka kujaziwa ritani kabla ya tarehe 30. Mimi ni mmoja wa wanaowajazia. Haja yangu ni ushuru wa mauzo, ule ambao ofisi yako huuita TOT, na namna unavyomwangukia mfanyabiashara wa mifugo.

Ushuru huu una uzuri wake, na mimi ninayekesha na makaratasi ya watu siwezi kuukana. Mtu ambaye mauzo yake ya mwaka yanazidi shilingi milioni 1 lakini hayapiti milioni 25 hujumlisha alichouza mwezi mzima, hutoa asilimia 3, hulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, basi. Hatafuti mhasibu wala habishani na afisa kuhusu gharama ipi inakubalika. Kiwango chenyewe kimeshuka na kupanda (mwaka 2020 kilishuka hadi asilimia 1, Julai 2023 kikarudi 3) lakini hesabu imebaki nyepesi vilevile.

Shida ni kwamba asilimia hiyo hukatwa kwenye mauzo, na mauzo si faida. Niruhusu nikupigie hesabu ya mfano. Mama mmoja hununua mbuzi 40 kwa mwezi hapa sokoni kwa shilingi 7,000 kila mmoja, akawapakia kwenye lori hadi Kiamaiko, Nairobi, akawauza kwa 8,000. Mauzo yake ni 320,000. Ununuzi ulimla 280,000. Lori, dalali, ushuru wa soko wa kaunti, na kijana wa kuwalisha na kuwapakia, tuseme jumla 22,000. Mkononi amebaki na 18,000. Sasa TOT: asilimia 3 ya 320,000 ni 9,600. Anaondoka na 8,400. Zaidi ya nusu ya jasho lake limekwenda, kwa kiwango ambacho kwenye karatasi kinaitwa asilimia 3.

Mweke kando ya mwajiriwa anayelipwa hizohizo 18,000. Huyo hakatwi PAYE hata senti, kwa sababu asilimia 10 yake ni 1,800 na nafuu ya kibinafsi ya kila mwezi ni 2,400. Hukatwa bima ya afya ya SHIF na ushuru wa nyumba, ndiyo, lakini ushuru wa mapato hamna. Mama wa mbuzi hana nafuu hiyo, maana TOT ni ushuru wa mwisho na haujui mlipaji ana kipato gani.

Kisha mtazame muuza simu mwenye mauzo yaleyale ya 320,000, ila yeye, baada ya gharama zote, hubaki na 96,000. TOT yake pia ni 9,600, yaani sehemu moja ya kumi ya faida. Angetozwa kwa ngazi za kawaida za ushuru wa mapato, 10, 25 na 30, angelipa kama 21,000 kwa mwezi. Kwa hiyo ushuru unaosifiwa kwamba hauchagui mtu umempunguzia mwenye faida nono zaidi ya nusu, na mwenye faida nyembamba umemtoza pale ambapo ngazi za kawaida zingemwacha huru. Mimi sioni usawa hapo.

Mpaka wa kuingilia nao una makali yake. Anayeuza 990,000 kwa mwaka hayumo. Akiuza 1,010,000 yumo, na asilimia 3 hukatwa kuanzia shilingi ya kwanza: 30,300. Ameongeza mauzo ya 20,000, amelipa 30,300. Usishangae ukikuta biashara nyingi zimeganda chini kidogo ya milioni.

Na mwaka wa ukame je? Kati ya 2020 na 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo kaskazini hii. Mnyama aliyekonda huuzwa kwa bei yoyote, hata chini ya bei ya kununulia, kabla hajawa mzoga. Kwa ngazi za kawaida, mwaka wa hasara hauna ushuru. Kwa TOT, hasara ni mauzo tu, nayo hulipiwa.

Najua utasema kiwango kimoja kwa wote kipo hata kwa waliotutangulia. Kweli. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, hutoza kila mtu asilimia 3.07 ya mapato yake, karibu sawa na yetu. Lakini mfanyabiashara wa huko hutozwa kwenye faida baada ya kutoa gharama, na mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa ushuru huo. Namba zinafanana, kinachokatwa hakifanani.

Mlango wa kutokea upo. Sheria inamruhusu mlipaji kukuarifu kwa maandishi kwamba hataki kuwa chini ya TOT, akatozwa kwa ngazi za kawaida. Mama wetu akifanya hivyo, faida yake ya mwaka ni 216,000, chini ya 288,000 ambazo nafuu huzifunika, na ushuru wake ni sufuri badala ya 115,200. Ila hapo tunakwama kwenye risiti. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wenu wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi. Mzee aliyeswaga mbuzi wake kutoka Merti ili alipe karo ataitoa wapi ankara?

Sheria iliyoanza kutumika Desemba 27, 2024 imejibu swali hilo: mnunuzi anaweza kumwandikia ankara muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Dawa ndiyo hiyo, ila pale boma la mnada sijakutana na aliyeisikia.

Kwa hiyo nakuomba, Mheshimiwa, ulete maafisa sokoni penyewe, si hotelini kwenye semina, wawaonyeshe wanunuzi jinsi ya kutoa ankara hiyo kwa simu ya kawaida, kwa Kiswahili na Kiborana. Fomu ya kujiondoa kwenye TOT iwe ukurasa mmoja, na iwe na jibu kabla mwezi haujaisha. Najua huandiki sheria wewe. Bunge ndilo huandika. Lakini Hazina huomba takwimu zako kabla ya kuandaa Mswada wa Fedha. Wapelekee mapendekezo kwamba biashara ya mifugo hai itozwe kwenye tofauti ya bei ya kununua na kuuza, na kwamba anayevuka milioni atozwe kwa kile tu kilichovuka.

Madaftari ya hesabu yapo kwetu, mengi yameandikwa kwa penseli. Wenyewe wakiniruhusu, nitayaleta ofisini kwako siku utakayotaja.

Wako,
Mjaza ritani, Bulapesa, Isiolo