Jumla ya Mali za Benki Kuu Yasema Nini?

Kila benki kuu inapotangaza hesabu zake za mwaka, ikaonekana kwamba jumla ya mali imezidi ile ya mwaka uliotangulia, hawakosekani wenye kushangilia kana kwamba taifa zima limepata urithi. Ilhali jumla hiyo, ikisomwa peke yake, haithibitishi utajiri wala ufukara. Benki kuu ina uwezo asiokuwa nao tajiri yeyote wa mjini, nao ni wa kununua kitu kwa deni ililojiandikia yenyewe: ikinunua hati fungani kwa benki ya biashara, huiandikia benki hiyo amana katika daftari lake, na papo hapo pande zote mbili za mizania huongezeka kwa kadiri moja, bila ya gunia moja la karafuu kuzidi ghalani. Hata noti iliyomo mfukoni mwa msomaji, ambayo kwake ni mali, katika vitabu vya mtoaji ni deni.

Benki Kuu ya Marekani ilikuwa na mali pungufu ya dola trilioni 1 kabla ya msukosuko wa 2008. Kufikia 2022 zilikaribia trilioni 9, wala hakuna mwenye akili timamu atakayedai kwamba Wamarekani walitajirika mara tisa.

Basi swali la insafu ni hili: mali hizo ni za namna gani, na mdaiwa ni nani? Kadhia hii twaijua tangu zamani. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, iliweka dhamana ya shilingi zetu hasa katika hati za pauni huko London, hata mkulima wa pamba wa Mwanza, aliyepokea noti kwa jasho lake, akawa kwa njia ya mzunguko anawakopesha Waingereza. Mizania ile ilikuwa safi, nakiri. Lakini usafi wake ulimfaa zaidi mtawala kuliko mtawaliwa. Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa Juni 1966 ilipata ruhusa ya kuikopesha serikali yake yenyewe, na ruhusa hiyo, ambayo ni sehemu ya uhuru, ni mtihani pia, kwa kuwa deni la serikali huandikwa upande wa mali hata lisipotarajiwa kulipwa upesi. Ndiyo maana sheria ya Kenya haikuacha jambo hili kwa hisani ya waziri, bali iliweka ukomo wa asilimia 5 ya mapato ya serikali yaliyokaguliwa mara ya mwisho.

Lakini hila kubwa, ambayo aghalabu haitajwi, imo katika fedha za kigeni. Shilingi ikishuka thamani, dola zilezile, zisizoongezeka hata senti, huandikwa kwa shilingi nyingi zaidi, na jumla ya mali hupanda katika mwaka uleule ambao mwananchi analipa zaidi kwa mafuta ya taa na ngano. Huenda basi anayeshangilia anaushangilia msiba wake mwenyewe. Kwa hiyo naona kipimo kilichokubaliwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, cha akiba ya kigeni inayotosha kuagiza bidhaa kwa miezi 4.5, kina manufaa zaidi kwa msomaji wa gazeti kuliko tarakimu ile ndefu iliyo chini ya ukurasa.