Tusimpime mama kwa sahani yake

Juma hili tunaongea juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalibeba kimya: namna tunavyotazama chakula, na namna tunavyomtazama mama mwenzetu anapokula.

Kwetu, bibi-arusi akinenepa miezi michache baada ya ndoa, tunamsifu: “Bwana yake anamtunza.” Akikonda, maneno yanaanza sokoni na kisimani: ana sida, anateswa, nyumbani hakuna kitu. Kisha mama yule yule tuliyemsifu kwa unene anaenda kwenye kituo cha afya, anapimwa tension, munganga anamwambia apunguze kilo. Akirudi mtaani na kilo zimepungua, tunamwonea huruma kama mgonjwa. Sasa afanye nini? Wengi wanachagua kujificha.

Kuna mama ambaye mbele ya watu anamega bugali kidogo na kusema ameshiba. Usiku, wote wakilala, anarudi kwenye sufuria na kula haraka haraka, peke yake, hata tumbo likimuuma hawezi kuacha. Kisha anajichukia. Wengine wanajitapisha ili wasiongeze kilo. Na kuna binti anayekataa chakula kwa kuogopa kunenepa, hata mifupa ikionekana. Tunawaita walafi au wenye kiburi. Waganga wanajua kwamba hayo ni magonjwa, na yanatibiwa. Kujitapisha mara kwa mara kunaharibu meno na kupunguza chumvi za mwili, mpaka moyo unaweza kupiga vibaya.

Si kila mama mnene ana ugonjwa huo. Kwa mama wa urefu wa metre 1,60, waganga wanahesabu uzito umezidi kuanzia kilo 64, na unene wa hatari kuanzia kilo 77 hivi. Unene huo unaongeza hatari ya tension, sukari na maumivu ya magoti. Lakini kilo hazisemi kama mtu ni mvivu au mwenye bidii. Kuna sababu nyingi: ukoo, uzazi, dawa, kazi ya kukaa siku nzima mbele ya meza ya biashara, huzuni, na njaa yenyewe.

Ndiyo, njaa. Mama anayetoka asubuhi bila kula, anauza mpaka jioni, anarudi na njaa ya siku nzima. Mwili wake unadai yote mara moja. Na aliyewahi kukimbia vita na kulala njaa na watoto anaweza kuendelea kula kama mtu anayeogopa kwamba kesho hakutakuwa na kitu, hata kama leo sufuria imejaa. Mtu kama huyo ukimwambia tu “punguza kula”, hujagusa jeraha lake.

Tuseme pia juu ya vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila karatasi ya munganga. Mabinti wanavimeza kabla ya arusi ili wajaze libaya. Mara nyingi ndani yake mna deksametazoni au siproheptadini. Deksametazoni ni dawa ya kweli ya magonjwa fulani, lakini kwa anayeimeza ili anenepe tu, inavimbisha uso, inapandisha tension na sukari, inadhoofisha mifupa na kupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa. Siproheptadini inaleta hamu ya kula pamoja na usingizi mwingi. Na hapa tusikilizane vizuri: mwenye kumeza deksametazoni kwa majuma mengi asiikate ghafla. Mwili unakuwa umezoea kuitegemea, na kuikata mara moja kunaweza kuhatarisha maisha. Aende kwa munganga, aseme ukweli wote, apunguziwe polepole.

Basi tufanye nini nyumbani na katika vikundi vyetu?

Kwanza, tuchunge ulimi. Tuache kumwita mwenzetu “pipa” au “kijiti”, hata kwa kucheka. Tusihesabu matonge yake. Tukikutana, tumuulize analalaje, kazi inaendaje, kabla ya kusema umenenepa au umekonda.

Pili, tusikae na njaa siku nzima. Kama nyumbani sufuria inapikwa mara moja tu, tubakize kidogo kwa asubuhi: muhogo uliochemshwa, ndizi, maharage yaliyobaki. Jioni tuongeze lenga-lenga, sombe na sambaza, tupunguze kidogo mawese na bugali. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori karibu 120. Chupa ya 33 cl ya kinywaji chenye sukari inaweza kuwa na gramu 35 za sukari, kama vijiko 8 vya chai. Hatukatazi sikukuu; tunasema siku za kawaida.

Tatu, tuwalinde watoto. Tusimwahidi mtoto bombo ili anyamaze, wala tusimnyime chakula kama adhabu. Akisema ameshiba, tumwamini. Na binti asisikie mama yake akitukana mwili wake mwenyewe mbele ya kioo, kwa maana atajifunza kutukana wa kwake.

Nne, tukiona mwenzetu anajificha kula, anatapika baada ya kula, anakonda sana au anazimia, tusimtangaze. Mmoja wetu anayeaminiwa amkaribie, wakiwa wawili tu, na amsindikize kwenye kituo cha afya.

Katika mkutano wa juma hili, kabla ya kukusanya michango, kila kikundi kijiulize: kuna mama kati yetu ambaye ameacha kula pamoja nasi? Aliacha tangu lini, na ni neno gani tulilomwambia siku hiyo? Tumwendee, na tumwekee nafasi kwenye sinia.