Daftari la Mwongoza Mchezo

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nasema kwamba hadithi nayo ni mali.

Wengi wenu mwaujua mchezo wa hadithi unaochezwa mezani. Kwa wasioujua nitaeleza kwa ufupi. Mtu mmoja ndiye mwongoza mchezo: yeye huieleza nchi, njia na watu wanaokutana nao. Wengine, kila mmoja hushika mtu wake katika hadithi na kusema atafanya nini, na jambo lenye shaka huamuliwa kwa dadu. Mchezo wa namna hii ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, katika vitabu vidogo vitatu vya Gary Gygax na Dave Arneson vilivyoitwa Dungeons & Dragons. Hadithi moja yaweza kuchukua muhula mzima, wala hakuna ajuaye mwisho wake.

Nilipokuwa katika mwaka wa tatu hapa shuleni, niliongoza mchezo huo bwenini kila Jumamosi, baada ya kufua nguo. Tulikuwa sita, na dadu mbili za ludo. Hadithi yangu ilikuwa ya wafanya biashara waliotoka Visiwa vya Ssese kwa mtumbwi, waende Mengo kwa Kabaka. Likizo nzima niliandika kurasa 40: majina ya wakuu, malango ya Lubiri, hata vyakula vya karamu. Jumamosi ya kwanza wenzangu walishuka pwani ya Entebbe, wakakuta wavuvi wanagombana, wakaamua kukaa wawapatanishe. Mengo hawakufika muhula ule. Kurasa zangu 40 zikalala sandukuni.

Hilo halikuniudhi sana. Lililoniumiza ni jingine. Kijana mmoja wa mwaka wa pili, mpole, asiyesema sana, alimwahidi mvuvi mzee wa hadithi yetu kwamba atamrudishia nyavu zake zilizoibwa. Alihangaika Jumamosi mbili, akazipata, akazificha chini ya mti. Kisha ikaja mitihani, tukaacha mchezo kwa wiki tatu. Tuliporudi akasema, “Nampelekea mzee nyavu zake.” Nikauliza, “Mzee yupi? Nyavu zipi?” Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Niliona haya. Nilikuwa nimeandika chakula cha karamu ambayo hakuna aliyeila, lakini tendo jema la mwenzangu sikuliandikia hata mstari mmoja. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mwongoza mchezo aandike machache kabla ya mchezo, na aandike mengi zaidi baada yake.

Yatosha daftari moja la kurasa 96, ligawanywe mafungu manne. La kwanza ni la watu: jina, mahali walipokutana naye, na kitu anachokitaka. La pili ni la mahali. La tatu, nalo ndilo kubwa, ni la ahadi na madeni: nani alimwahidi nani, na kitu gani kimefichwa wapi. La nne ni la mambo yaliyotokea, kwa tarehe. Kwa Jumamosi ijayo andika mambo matatu tu yanayoweza kutokea, wala usiandike mwisho. Tena, mchezo unapoanza, mmoja wa wachezaji na asome habari za wiki iliyopita. Akikosea, wenzake watamsahihisha.

Wako wasemao kwamba kuandika huua hadithi, kwani bibi zetu walisimulia bila daftari. Ni kweli. Lakini hadithi ya bibi ina mwisho wake tangu zamani, naye ameisikia tangu utotoni. Sungura haamui leo kwenda njia nyingine. Hadithi yetu ni kama safari, na msafiri huandika aliyoyaona.

Mtazameni Ham Mukasa. Mwaka 1902 alifuatana na Katikiro Apolo Kagwa kwenda Uingereza kuona Mfalme Edward wa Saba akivikwa taji. Sherehe ilipangwa tarehe 26 Juni, lakini mfalme akaugua, ikaahirishwa hata tarehe 9 Agosti. Kama Ham Mukasa angaliandika habari za safari yake kabla hajaondoka Mengo, angaliandika uongo. Aliandika yaliyotokea, na kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1904. Hata leo twakisoma.

Ama yule kijana, nilimwendea nikamwomba radhi, nikamwonyesha daftari jipya. Mstari wa kwanza katika fungu la ahadi ulisema: nyavu za mzee ziko chini ya mti. Alisoma, akachukua kalamu yangu, akaongeza neno “mvule” baada ya “mti”. Jumamosi ile akaja, na mzee akapata nyavu zake.

Basi, ninyi mnaoongoza mchezo muhula huu, msijisumbue sana kujenga majumba ya wafalme. Andikeni waliyoyatenda wenzenu, usiku uleule, kabla taa hazijazimwa. Mwenye maoni mengine na ayalete katika gazeti letu. Tutayasoma kwa furaha.